Nyumba ya Mbao Tuliyoikandika Simenti

Baba yangu, Mungu akulaze pema,

Nimetoka Port Bell sasa hivi na harufu ya kuvu bado imo kwenye buibui langu. Nyumba yako ya mapumziko imeoza, nami kinyaa kimenishika.

Unakumbuka ulivyoichora? Vita vilikuwa vimekwisha, duka letu la Kibuli limeanza tena kupata wateja, nawe ukasema watu waliojifungia ndani muda mrefu wanahitaji baraza ya kukaa bila hofu. Ulitandaza karatasi juu ya meza ya chakula, ukanipa rula niishike. Uliinua nyumba juu ya nguzo, na kila nguzo ukaivisha kofia ya bati ili mchwa wasipite. Paa ulilitoa nje mno kupita kuta. Mama akauliza kama unajenga nyumba au mwavuli. Ukamjibu, "Mbao ikilowa si kitu, Mama Hamisi. Ikikosa upepo wa kuikausha ndiyo imekufa."

Hukumaliza mwaka kaburini. Jirani akamwambia kaka Hamisi, "Ssebo, bwana, nyinyi watu kubwa, mbona munalala ndani ya mbao kama maskini? Piga simenti." Kaka akapigilia waya wa banda la kuku kuta nzima, akazikandika simenti, akajaza udongo chini ya sakafu ili nyumba ionekane ya matofali. Huo ndio uungwana wetu, Baba: kuficha mbao nzuri kama mtu anayeficha ukoma.

Leo fundi amebandua kipande. Ndani mna ute mweusi, uyoga, na mchwa walioshiba. Bisibisi yake iliingia kwenye nguzo kama kwenye muhogo uliochemshwa.

"Nyabo, mama, imekwisha hii," akasema. "Maji iliingia, ikakosa njia ya kutoka."

Nilitapika pale pale kwenye nyasi. Jumamosi wanaibomoa, na Hamisi anataka ijengwe ya matofali kweli.

Lakini anayenichefua si yeye. Mchoro wako hakuwahi kuuelewa. Mimi nilijua kila mstari na sababu yake. Ila wakwe zangu walikuwa wanakuja Idi, na nikaona haya kuwalaza kwenye mbao. Kabla ya kuchanganya simenti, Hamisi alikuja kuniuliza kwa adabu, "Dada, Baba angekubali?"

Nikamwambia ungekubali.

Ni mimi,
binti yako wa pekee