Anayeitika kwa Mama

Dada yangu mpendwa,

Unauliza kama nimekata tamaa tangu chuo kinifukuze. La hasha! Miezi hii imenilea. Asubuhi napiga randa katika karakana ya Mjomba, naye hunitania, "Mwanamapinduzi, hata msumari unauhutubia?" Jioni naimba katika kwaya ya mtaa, na majirani waliobeba jeneza la mdogo wetu kitindamimba ndio haohao wanaonifundisha sauti ya nne. Nawashukuru wote kwa dhati.

Lakini tangu mazishi, Mama, ambaye macho yamemfifia, husikia hatua zangu mlangoni na kuita, "Kitindamimba wangu, umerudi?" Nami, niliyesimama juu ya meza za bwalo kuulaani uongo wa wakubwa, huitika, "Nimerudi, Mama." Ndipo hukubali kula, akalala kwa amani. Ningefanyaje?

Jana alinishika mkono akaninong'oneza, "Na kaka yako wa chuo, mbona mnanificha? Amekufa?"

Ndipo nimeketi kukuandikia, Dada. Njoo upesi, uniite jina langu mbele yake.

Ndimi mdogo wako, yule aliye hai.