Usiuzime Moto Nikija

Manyatta, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu,

Shikamoo. Baada yako nakisalimu na hicho kikohozi chako, maana Mwakio ananiandikia kwamba siku hizi kinaamka kabla ya jogoo. Mwakio, ndugu yangu, msomee Mama polepole, wala usiruke mahali pasipokupendeza. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Uliniuliza kazi yangu ni ya namna gani hasa, kwa kuwa majirani huko Wundanyi wanasema nalipwa kupima upepo. Wacheke tu. Tunapima moshi, Mama, zile chembe zake laini ambazo jicho halizioni, zinazopita puani zikashuka hadi chini kabisa ya mapafu. Nabeba kimashine kinachonyonya hewa, na ndani yake kuna karatasi nyeupe ya mviringo. Nakitundika jikoni asubuhi, nakifuata jioni. Hatuwezi kuingia kila nyumba, basi nyumba chache tulizochagua zinausemea ufuo wote wa ziwa, tangu Bondo hadi huku Kisumu. Hesabu ikionyesha hatari ni kubwa, akina mama wanaokausha samaki kwa moshi watajengewa meko yenye bomba la kutolea moshi. Ikionyesha ni ndogo, meko yanakwenda kwingine.

Nyumba mojawapo ni ya Mama Auma, mjane anayekausha mbuta, yule samaki mkubwa wa huku, akisaidiwa na Atieno, mke wa mwanawe. Alinipenda tangu siku ya kwanza. Ati nimekonda, kwetu hawanilishi? Kila nikifika na mashine nakuta jiko limefagiwa, majivu yamezolewa, na ugali unaningoja. Karatasi za kwake zilitoka nyeupe kama zilivyoingia. Na kwingine hali ilikuwa hiyohiyo, hata daktari wetu mkubwa akaanza kusema labda upepo wa ziwa unausafisha ufuo.

Siku moja nilisahau betri kwa Mama Auma, nikarudi bila taarifa. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Moshi ulikuwa umejaa, macho yakaniwasha, nikasikia mtoto anakohoa humo ndani na simwoni. Kumbe alikuwa mgongoni mwa Atieno, naye Atieno anageuza samaki. Nikauliza, jamani, leo kuna nini?

"Ai, nyathina," Mama Auma akanijibu akicheka, maana ndivyo wanavyosema mwanangu, "leo si iko kazi? Ile siku yako sisi tunazima moto. Mgeni utakausha kama samaki? Watu watasema nini?"

"Na wenzako je?"

"Wote wanazima. Hiyo mashine si mgeni pia?"

Hebu fikiri, Mama. Ufuo mzima ulikuwa umetufanyia adabu! Nilipomweleza maana ya zile karatasi, aliacha kucheka, akamtazama mjukuu wake.

Daktari alishika kichwa. Alisema turudie nyumba zote, ila kwanza aombe ruhusa kwa wenye mashine, huko ng'ambo. Tukangoja. Ruhusa haijafika, mtoto akashikwa na nimonia. Nilimwona, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Atieno alimpeleka hospitali akimbembeleza njia nzima, akarudi naye amefunikwa leso. Nililia mbele za watu wala sikujali. Nina hasira, Mama, na sijui pa kuipeleka. Utamgombezaje mtu aliyekuheshimu?

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, Mama Auma aliniita. Safari hii hakufagia, na ugali haukuwapo. Moto ulikuwa unawaka, samaki wamepangwa, moshi hadi mlangoni.

"Weka mashine yako," akaniambia. "Leo wewe si mgeni."

Atieno hakuniangalia. Aliendelea kugeuza samaki, mgongo wake mtupu. Jioni karatasi ilitoka nyeusi kama kitako cha chungu. Daktari aliitazama sana, akaitia kwenye bahasha. Hajui kama itahesabiwa, kwa sababu ni moja, na nyeupe ni nyingi.

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe. Kila nikija likizo unanipikia nje, chini ya mparachichi, na jiko la ndani nalikuta safi. Unasema humo mna giza, nitajikwaa. Kikohozi nacho unakinyamazisha kwa maji ya moto, unasema ni baridi ya mlimani. Nami nimekuwa nikirudi huku kupima mapafu ya watu wengine, nikiamini kwetu hakuna moshi.

Nisalimie shangazi mfuma vikapu, na mjomba anayetuchungia mbuzi, umwambie ile redio yake naitafutia betri. Mwakio naye akutobolee ukuta wa jiko, dirisha kubwa, asingoje nije.

Na nikija Desemba, Mama, usinifagilie. Usinitolee sufuria nje. Usiuzime moto. Niache niingie nikukute humo unamokaa siku zote.

Mimi mwanao, si mgeni,
Wakesho