Alichoambiwa Babu kuhusu Kisima

Siakago, Jumapili

Mpendwa Shangazi Wanjira,

Nimemdanganya Babu, na wewe tu ndiye ninayekuambia.

Wiki jana walikuja watafiti wa udongo na mashine ya rada, wanaikokota kama mkokoteni mdogo. Inatuma mawimbi ardhini, na kwenye skrini unaona tabaka za udongo na mahali penye unyevu. Kwa kuwa nimemaliza shule, niliombwa nimtafsirie Babu kwa Kimbeere. Walisema pale anapochimba kisima tangu Nyanya afariki, chini ni mwamba mtupu. Unyevu uko kule kwenye mihogo.

"Wanasema nini?" Babu akauliza.

Nilitazama mikono yake ilivyochubuka. Nikasema, "Wanasema ulikaribia sana, Babu. Sogea tu hadi kwenye mihogo."

Akacheka. "Waambie mashine yao imechelewa. Mimi nilijua."

Jana alichimba huko na udongo ukatoka umelowa. Sasa anajisifu hadi sokoni. Ukitoka huko kwako Gakoromone kuja Krismasi atakusimulia yote, nawe umpongeze. Tafadhali, Shangazi, asijue kamwe.

Akupendaye sana,
Muthoni