Balbu za Ngazi

Jumanne usiku, Mowlem

Na vile nilipigiwa makofi leo kwa baraza ya chifu! Wengine walitaka serikali iwatibu vijana wanaovuta meth, ile dawa ya kulevya. Mimi nikasimama: "Wafungwe wote, hata akiwa mtoto wangu!"

Jirani yangu Mama Njeri hakupiga makofi. Tukirudi akaninong'oneza, "Mama Akinyi, hao huivutia hiyo meth kwa balbu. Wanatoa nyaya, wanabaki na kioo."

Na mimi siku zote nimekuwa nikimgombeza soja anayelinda ploti yetu eti anaiba balbu za ngazi.

Binti yangu Akinyi hukaa gizani chumbani mwake. Ati balbu yake iliungua. Nimemnunulia nyingine, tena nyingine, na bado...

Sasa hivi ameniita kutoka chumbani: "Mathe, baraza ilisema wafanywe nini?"