Kinyoya cha Katikati

Gifu, katikati ya Januari

Kwa dada yangu mpendwa Chizuru,

Pokea salamu zangu kutoka bwenini. Natumai wewe, shemeji Tsuneo na mtoto wetu Itsuki mu wazima, na kwamba mgongo wa mama haumtesi sana katika baridi hii. Najua huko Uozu theluji imefika madirishani na shemeji anashinda na koleo mkononi. Huku kwetu imeanguka kidogo tu, ya kuchafua viatu. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja ambalo nitalifikia. Usirukie mwisho kama ufanyavyo na magazeti.

Sanduku la kamaboko za dukani kwenu limefika. Zile nyekundu na nyeupe za pongezi ziliisha siku ileile, maana wasichana wa hapa hawana huruma na mikate ya samaki ya mtu. Zile zilizoviringishwa kwa mwani nimezificha nyuma ya chupa ya siki. Ahsanteni. Nilitafuta ndani ya sanduku kama kuna neno lolote kutoka kwako, nikakuta karatasi za kufungia tu. Sikushangaa. Nikishinda, unatuma kamaboko. Nikishindwa, unatuma kamaboko. Nilipovunjika kidole ulituma mbili za aina ya bei kubwa. Mama ndiye aliyenipigia simu kunieleza kwamba mliangalia fainali dukani, na kwamba wewe uliangalia umesimama, kisu cha samaki mkononi, wateja wakikungoja. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko kombe lenyewe.

Sasa nikueleze tulifikaje pale, kwa sababu kwenye runinga huonekana mikono na jasho tu.

Unajua nina miaka thelathini na mmoja, na katika badminton huo ni uzee. Asubuhi napokea simu za wateja wa pampu za kampuni, mchana naingia ukumbini kuichezea timu yake. Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu nitoke shule. Wenzangu wa rika langu wamekwisha staafu, wako ofisini kutwa nzima, wamenenepa na wana raha zao. Timu ya taifa sikuwahi kuitwa hata siku moja. Mwaka jana, cheri zilipochanua, kocha Shimojo aliniambia bila kuzunguka kwamba mashindano ya Japani nzima ya Desemba ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Tukitwaa ubingwa, tutaitwa. Tukikosa, nichague meza ya kukalia. Aliyasema hayo huku anakula tambi, wala hakuinua macho kwenye bakuli.

Mwenzangu uwanjani, kama ujuavyo, ni Rinka Usami, mtoto wa watu wa Kagoshima, miaka ishirini na miwili. Hupiga kwa nguvu hata mwamuzi wa mstari hujikunja. Miguu anayo, macho anayo. Kasoro yake ni adabu. Kinyoya kikija katikati yetu, yeye hupaza sauti, “Tafadhali!” akaniachia mimi mkubwa wake. Wote tunasema hivyo tukimwachia mwenzetu, hata wewe ulikuwa ukisema. Lakini huyu husema tafadhali hata kwa kinyoya kinachomjia yeye usoni.

Ndivyo tulivyotolewa mwaka juzi. Nusu fainali, pointi ya mwisho, kinyoya kikaja katikati, kimepoa, mtoto wa shule ya msingi angekipiga. Rinka akasema tafadhali. Nami nilikuwa nimekwisha amua kwamba ni chake, nikasema tafadhali. Kikashuka polepole kati yetu, kila mmoja amenyoosha mkono kama watu wanaokaribishana mlangoni. Kikatua. Halafu akaniinamia kuomba radhi, nami bila kufikiri nikainama, na ukumbi mzima ukacheka.

Kwa hiyo baada ya yale maneno ya tambi, kocha alituita mbele ya timu nzima akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hadi Desemba, Usami ndiye mkubwa na Tonami, yaani mimi, ndiye mdogo. Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mdogo ndiye anayebeba maboksi ya vinyoya kutoka stoo ya chini, anayefua fulana, anayemimina chai, anayeoga mwisho maji yakiwa yamepoa. Kazi hizo niliziacha zamani, na sitakuficha, nilikuwa nimekwisha sahau kwamba ni kazi. Tena Rinka aliagizwa aniite Nagisa, jina tupu, bila “dada” mbele yake.

Dada, ungekuwepo ungecheka hadi mbavu zikuume. Juma la kwanza alipotakiwa kuoga kabla yangu, alisimama nje ya mlango wa bafu na taulo lake, akiniomba radhi kupitia mlangoni kwa kosa la kuoga ambalo hajalifanya. Nilimwambia, “Ingia bwana, maji yanapoa.” Akasema, “Nitaingia, dada Nagisa, samahani, Nagisa, samahani, dada.” Kisha akawa anaamka alfajiri kufanya kazi zangu kwa siri kabla sijaamka. Nilipogundua, nikawa naamka kabla yake. Ikafika siku tukakutana jikoni kwenye giza, kila mmoja ameng'ang'ania mshikio wa birika, tunavutana kimyakimya ili tusimwamshe mpishi. Mpishi aliamka. Alitutazama wote wawili akatuuliza kama huko kwetu hakuna wazee wa kutufunza, akatunyang'anya birika.

Lakini mtu huzoea. Majani yalipoanza kubadilika rangi, Rinka alikuwa anakalia benchi la wakubwa, lile la dirishani juu ya ngazi, anafunga utepe kwenye mshikio wa raketi yake na kunitazama nikipandisha maboksi. Siku moja nilimmiminia chai, akaonja, akaiweka chini, akasema, “Nagisa, chai hii ni maji ya kunawia.” Wasichana wote waliacha kutafuna. Kocha alipiga meza kwa furaha. Mimi niliinama, nikaenda kupika nyingine, na kusema kweli nilitamani kummwagia kichwani. Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja, sijui ni ipi iliyotangulia.

Tukaenda Tokyo. Raundi za mwanzo zilikwenda vizuri na sina la kueleza. Fainali uliiona mwenyewe. Seti ya tatu, tumelingana, wale wasichana wawili wa Hokkaido hawachoki, na mguu wangu wa kulia haukuwa sawa tangu seti ya pili. Bwana Onodera, mkuu wa kitengo chetu cha simu, alikuwa jukwaani na watu wa ofisini, wanagonga vile vijiti vyao vya plastiki vya kushangilia. Kinyoya kikaja katikati. Nilikiona mapema, kilikuwa cha kwangu kwa kila namna, nikaanza kurudi nyuma nikichukue. Hapo ndipo nilipomsikia Rinka nyuma yangu.

“Toka, Nagisa!”

Mama anasema hata kwenye runinga ilisikika. Pale ukumbini vijiti vilinyamaza. Niliinamisha kichwa, Rinka akapiga, kinyoya kikapita juu ya nywele zangu, wale wa Hokkaido hawakukigusa. Ukawa ubingwa. Katika mkutano wa asubuhi ofisini, Bwana Onodera alitutolea hotuba ya shukrani, akaongeza kwamba pale alifikiri tumegombana na akaanza kutafuta njia ya kushuka kutuamua. Siku chache baadaye likatangazwa lile ulilolisoma gazetini, kwamba Tonami na Usami wameitwa timu ya taifa. Mkatuma nyekundu na nyeupe.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Siendi, dada. Goti langu la kulia limekwisha. Gegedu imelika tangu kiangazi, na nimekuwa nikienda kwa daktari wa Nagoya, mbali na wanaonijua, ananichoma sindano na kunikemea. Sikumwambia kocha, sikumwambia mama, wala wewe. Niliazimia kufika timu ya taifa hata kwa mguu mmoja, nivae ile jezi mara moja, halafu mambo mengine yatajijua yenyewe. Pointi ile ya mwisho nisingeifikia. Niligeuka kurudi nyuma na goti likakataa. Rinka hakusema “toka” kwa ukali wa mchezo. Alijua kwamba sitafika.

Aliniambia ndani ya treni ya kurudi kutoka Tokyo. Nilikuwa nimelala nusu, kombe liko juu ya begi, yeye ameshafungua chakula chake cha kituoni. Alisema bila kunigeukia kwamba alipokuwa mkubwa alikaa pale dirishani miezi mingi akinitazama nikipanda na maboksi, na kwamba tangu Septemba nilikuwa natanguliza mguu wa kushoto tu kwenye kila ngazi. Angebaki kuwa mdogo angekuwa stooni anabeba yeye, asingeona kitu. Kisha akasema, “Goti lako limekwisha. Mwambie kocha Jumatatu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.”

Nilihamaki. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kuzungumza na mkubwa wake namna hiyo. Akasema ni mimi. Akafungua karatasi ya vijiti vyake vya chakula, akaanza kula wali, na hakuomba radhi hata mara moja mpaka Nagoya. Nilikwenda chooni kule nyuma ya behewa nikalia kama mtoto, na mtu akawa anagonga mlango. Nilimchukia Rinka njia nzima. Jumatatu nilimwambia kocha. Hakufoka. Alilitazama goti, akasema yeye ndiye aliyepaswa kuliona, kisha akanitafutia kiti.

Habari za timu ya taifa zitatangazwa upya mwisho wa mwezi, ndiyo maana nimetaka uzisikie kwangu kwanza. Rinka atapangwa na mmoja wa wale wa Hokkaido tuliowafunga, msichana anayemzidi umri. Walifanya mazoezi pamoja juzi. Nilikaa dirishani kutazama. Kinyoya cha kwanza kilichokuja katikati, Rinka alimfokea, na yule wa Hokkaido akageuka kunitazama mimi kana kwamba ndimi mzazi wa mtoto. Nilijifanya naangalia theluji. Jioni Rinka aliniletea chai chumbani na kuniita dada. Ilikuwa kali na nzuri, na sasa simchukii tena. Namwonea fahari, na bado inaniuma, na sitaki kukudanganya kwamba moja limefuta lingine.

Kampuni imenipa meza kwa Bwana Onodera, kutwa nzima. Nimeomba wanipe hadi Machi nifikirie, maana kuna jambo lingine ninalolitaka zaidi. Nataka kurudi nyumbani na kufanya kazi dukani pamoja nawe. Kusimama siwezi siku nzima, lakini naweza kuviringisha, kufunga na kupokea simu, hiyo ya simu naiweza kuliko mtu yeyote Uozu. Kama hamna nafasi, au shemeji hataki, au wewe tu hutaki kuniona kila siku, niambie. Usiniachie mimi nibahatishe, nami sitakuachia wewe.

Na kuna moja la zamani. Tulipokuwa tunacheza pamoja shuleni, kampuni hii ilituita sote wawili. Baba alipopooza, asubuhi iliyofuata nilikukuta umevaa aproni yake ya dukani. Hakuna aliyekuuliza. Baba hakuweza kusema, mama alikuwa analia, na mimi nilingoja uniambie, nadhani nawe ulingoja nikuulize. Nikapanda treni peke yangu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiandikiana habari za theluji. Lile jambo lilianguka kati yetu kama kile kinyoya cha nusu fainali, na sote wawili tulikuwa na adabu nzuri sana.

Basi leo nalichukua mimi. Ulitaka kuacha kucheza, dada?

Nisalimie mama, umwambie goti haliumi nikikaa, naye asianze kuvuka theluji kwenda hekaluni kuniombea. Mwambie shemeji apunguze kunyanyua koleo peke yake. Itsuki nitamletea raketi yangu ya zamani, ile ya bluu, mshikio wake nimeufunga upya. Mwenyezi awalinde nyote mpaka theluji iyeyuke.

Safari hii usinijibu kwa kamaboko. Nijibu kwa maneno, hata yakiwa makali.

Ni mimi mdogo wako,
Nagisa