Hirizi ya Kijerumani

Dada Rukia mpenzi,

Shikamoo kutoka Johannesburg, kwenye baridi inayogandisha hadi mafuta ya nazi.

Nimefikia Mayfair kwa shangazi Mwanaidi. Jana binti yake Zuhura, anayesoma chuo Braamfontein, alinichongea jina langu kwenye kipande cha mti kwa herufi za mchezo wake wa kompyuta, ule wa mapanga na mazimwi. Nikakivaa shingoni. Shangazi kukiona tu, akaondoa sahani yangu ya biriani.

"Mwenye hirizi hali kwangu!"

"Mama, ni herufi tu," Zuhura akamwambia. "Wajerumani wa kale walizichonga kwenye mawe na mbao. Kwenye mchezo tu ndiko zinakotoa moto."

"Wajerumani hawa waliojenga reli ya Tanga?"

"Mababu zao."

"Na hapo pameandikwa nini?"

"Salma."

Shangazi akaniangalia kwa huruma. "Unavaa jina lako mwenyewe? Unaogopa kupotea?" Nikarudishiwa biriani, na nyama ikaongezwa.

Leo kopo lake la sukari lina herufi hizo hizo. Wapangaji wa nyumba yake, waliozoea kujichotea, sasa wanalipita mbali, naye hajamwambia hata mmoja kwamba limeandikwa "sukari".

Nawakumbuka sana. Wabusu watoto, na Mungu awaweke salama.

Mdogo wako,
Salma