Neno Moja kwa Chungu Kimoja

Mama,

Nimekasirika, na wa kwanza kumkasirikia ni wewe. Umekufa bila kuniambia ulikuwa ukifanya nini na mwanangu.

Muda wote nilidhani unamchezesha tu. Atupele ana miaka mitano na maneno yamemgomea, basi ukamweka kando yako hapa Ikombe unapofinyanga. Kabla ya kuanza chungu ulishika bonge la udongo, ukangoja. Akisema neno moja, lolote, ulimpa lile bonge na kumwambia "ndaga," ukimshukuru kama mtu mzima. Chungu kikiisha, mnaanza tena. Vyungu vinne, maneno manne, basi. Jumapili mnapumzika wote wawili.

Ulipozikwa, mwalimu mmoja wa misheni aliniambia maneno manne kwa siku ni mchezo wa vikongwe. Mtoto aletwe asubuhi, arudie na kurudia mpaka jua la utosini, atafunguka. Na mimi mjinga nikaona hayo ndiyo maarifa. Baba yake yuko kwenye dhahabu huko Lupa, nilitaka akirudi asikie akiitwa baba. Nikampeleka kila siku. Jioni nikaongeza yangu, sema, sema, na siku moja nikampiga kofi. Mama, nilimpiga. Hata "maji," neno alilokuwa akikupa wewe, likapotea. Akikiona kibao cha kuandikia anajificha nyuma ya migomba. Mwalimu akasema mtoto ni mkaidi. Nilimjibu maneno ambayo usingependa kuyasikia, na sijutii.

Juzi nikachukua udongo wako uliobaki, ule uliokuwa umeufunika kwa majani ya mgomba, nikaukanda kwa hasira, mimi niliyeapa sitafinyanga maishani. Atupele akaja akakaa palepale pake. Nikashika bonge, nikangoja kama wewe. Tulikaa hivyo mpaka mkono ukaniuma. Kisha akasema, "Bibi."

Nikampa. Nikasahau lile neno lako. Akanitazama, akangoja, halafu akalisema yeye mwenyewe: "Ndaga."

Kwa nini hukuniambia, Mama? Ungesema siku moja tu.

Lala. Hasira bado ninayo, sitakudanganya. Lakini kwa mwalimu harudi, na kesho nachimba udongo mpya. Vyungu vyangu vinapinda, wanawake wa hapa watanicheka mpaka wachoke. Nitavifinyanga hivyohivyo, vinne kwa siku. Jumapili hapana.

Mwanao